Shikamoo Kwenye Waya wa Wachina

Namshukuru Mungu kwamba amenipa uzee wenye meno ya kutosha kutafuna mahindi ya kuchoma na masikio ya kutosha kusikia ninachoulizwa. Siku hizi ninaulizwa jambo moja tu. Vijana wanapanda kutoka Mombo kwa gari, wanafika hapa Lushoto wakiwa wamechafuliwa tumbo na kona, wanaketi sebuleni kwangu, wanafungua kompyuta zao na kusema, "Mzee, wewe umesomea teknolojia ya Wachina na usalama maisha yako yote. Minara hii ya simu, nyaya hizi za chini ya bahari, kamera hizi za mijini: tuogope au tusiogope?"

Huwa nawapa chai kwanza. Mtu aliyetapika njiani pale Soni hafai kujibiwa swali la usalama wa dunia kabla hajanywa kitu cha moto.

Ni kweli nimefanya kazi hiyo. Nimefundisha siasa ya mambo ya nje mpaka wanafunzi wangu wakawa wakubwa wa wizara na kuanza kunisahau, jambo ambalo ni dalili kwamba walifaulu. Nimekaa kwenye kumbi zenye baridi kuliko ya mlima huu, katikati ya majenerali wastaafu na mabalozi, nikitajwa kuwa bingwa wa mambo ya Wachina. Nilikuwa nikisimama, nikimwomba Mungu kimyakimya anizuie nisiseme nisilolijua, kisha nikisema kwa dakika zile nilizopewa. Lakini yale ninayoyajua kwa hakika, yale ninayoweza kuyaapia, niliyajua kabla ya hayo yote, nikiwa nimekaa kwenye benchi la shule ya Jumapili, katika kijiji chetu juu ya Soni, nikiwasikiliza wazee wawili wasiosemezana.

Ilikuwa miaka ya vijiji vya ujamaa. Wachina walikuwa wamekuja kupima mto na njia za maji. Walipiga kambi karibu na Soni, wakalala kwenye mahema yaliyonyooka kama mistari ya daftari, na wakapanda mboga zao wenyewe. Jambo hili la mboga liliwaudhi wanawake wa soko kuliko jambo lolote walilolisikia juu ya ukomunisti. Mtu anakuja kwenye mlima wa kabichi, halafu anapanda kabichi!

Katikati yao alikuwepo fundi mmoja kijana, mwembamba, anayecheka kwa macho. Alifundishwa Kiswahili kidogo kabla ya kuja, na mwalimu wake, popote alipo, alimwambia kwamba neno la heshima kwa Watanzania ni shikamoo. Hakumwambia anaambiwa nani. Kwa hiyo fundi yule alimwamkia kila kiumbe. Aliwaamkia wazee, akawaamkia vijana, akawaamkia watoto wa darasa la kwanza waliokuwa wakiteremka shuleni na majembe begani. Watoto waliitikia marahaba kwa sauti nzito ya kizee, kisha wakakimbia wakicheka mpaka wakaanguka.

Mama yangu alijaribu kumrekebisha. "Wewe, huyo ni mtoto! Yeye ndiye akuamkie wewe."

"Shikamoo, mama," alijibu fundi, akainama.

"Marahaba," alisema mama, akanigeukia. "Huyu mwacheni. Wazazi wake walifanya kazi."

Kazi yao ilipokwisha, Wachina waliacha zawadi: simu mbili za kuzungusha mpini, zile za jeshini, kila moja ndani ya kisanduku cha kijani chenye betri zake na mkanda wa kuvaa begani, pamoja na waya mweusi mrefu. Waya ulitandikwa kutoka Soni hadi kijijini kwetu, ukipita juu ya miti ya miwati na migrivea. Simu ya chini iliwekwa katika duka la ushirika. Ya juu iliwekwa kwenye chumba cha shule ya Jumapili, kwa sababu ofisi ya kijiji ilikuwa inavuja na nyumba ya Bwana haikuwa inavuja.

Shabaha ya simu ilikuwa nzuri na rahisi. Lori la mboga lilikuwa likifika Soni siku lilipotaka. Wanawake wetu walikuwa wakibeba kabichi na pea kichwani, wanateremka mlima, wanakuta barabara tupu, na wanapanda tena na mzigo uleule. Sasa lori likifika, Soni ingetuambia, nasi tungeteremka.

Mtunza simu wa juu alikuwa baba yangu. Alikuwa mwinjilisti wa usharika wetu wa Kilutheri, mtu wa maombi, aliyepiga kengele ya kanisa kila alfajiri bila kukosa. Mtunza simu wa chini alikuwa mzee mmoja wa Kiislamu aliyesimamia duka la ushirika, naye ndiye aliyeadhini msikitini. Asubuhi zisizo na upepo sauti yake ilipanda mpaka kwetu bila waya wowote, na kengele ya baba ilishuka kwake. Walikuwa wakiamshana hivyo tangu ujana wao. Walipendana kwa namna ya wazee wa mlimani, yaani kila mmoja aliulizia afya ya mwenzake kwa watu wengine.

Baina yao kulikuwa na shauri moja ambalo halikuwahi kukatwa. Walizaliwa mwaka mmoja, mwaka wa nzige, katika nyumba zilizotenganishwa na kijito. Baba alisema alizaliwa nzige walipokuwa wakitua. Mzee wa Soni alisema hapana, yeye ndiye aliyezaliwa walipokuwa wakitua, na baba alikuja walipokuwa wakiondoka na hakukuwa na jani. Bibi aliyewazalisha wote wawili aliulizwa mara nyingi kabla hajafa. Alijibu kwamba anachokumbuka ni kelele, na kwamba wote wawili walikuwa wabaya wa sura.

Asiyekujua kwetu ataona jambo dogo. Lakini kwetu shikamoo haina mzaha. Mdogo humwamkia mkubwa, na mkubwa akianza, amejishusha mbele ya watu, na watu hao wana kumbukumbu. Wazee wale wawili walipokutana sokoni Soni, kila mmoja alipatwa ghafla na haja ya kuchunguza kabichi iliyokuwa karibu, mpaka mtu wa tatu akaja, akawaamkia wote kwa pamoja, na mazungumzo yakaanza kana kwamba salamu zimekwisha. Mtu wa tatu hakukosekana sokoni. Kwenye waya hakuna mtu wa tatu.

Siku ya kuzindua, jambo hili halikuonekana. Fundi yule kijana alikaa Soni, akazungusha mpini, simu ikalia kwetu, baba akainua mkonga. "Shikamoo!" alisema fundi. "Marahaba, mwanangu!" alijibu baba, na kanisa zima likapiga makofi. Kisha fundi akapanda mlima, akapiga kutoka kwetu kwenda chini. "Shikamoo!" "Marahaba, kijana, marahaba!" Makofi tena. Mkubwa mmoja kutoka wilayani alisimama akahutubia kwamba kuanzia leo tumekabidhiwa teknolojia yote, wala hakuna kilichobaki mikononi mwa mgeni.

Wachina wakaondoka na mahema yao. Shikamoo ikaondoka nao.

Walikuwa wamewaagiza wazee kwamba kila siku saa moja asubuhi Soni izungushe mpini, juu wainue mkonga, ili ijulikane waya ni mzima. Wazee walilitii agizo hili kama amri ya kumi na moja. Soni ilizungusha, maana kengele ni ya mashine na haimvunjii mtu heshima. Baba aliinua mkonga. Mzee wa Soni naye alikuwa ameinua wake. Wakasikilizana. Nilikaa karibu kiasi cha kusikia pumzi ya mtu mwingine ikitoka kwenye kile chuma. Baada ya muda mtu wa chini alikohoa. Baba hakukohoa. Kisha mikonga ikarudishwa, polepole, ya chini na ya juu.

"Umemsikia?" baba aliniuliza siku ya kwanza. "Kikohozi kile ni cha mtu mdogo."

Lori likaja, likaondoka. Kabichi zikaoza. Mama akateremka na mzigo akapanda na mzigo. "Mmepewa mdomo wa chuma," alimwambia baba, "nanyi mmeota masikio." Kijana mmoja wa kijiji alipendekeza kwamba basi lori likifika Soni wazungushe mara mbili bila kusema neno. Baba alimtazama kwa huruma. Kumwita mtu bila salamu, alisema, ni kumwita mbwa. Mzee wa Soni, alipofikiwa na pendekezo hilohilo, alijibu karibu kwa maneno hayohayo.

Kwa Kishambaa huenda wangeulizana walivyoamka, yakaisha. Lakini simu ilikuwa mali ya taifa, na kwenye mali ya taifa wote wawili waliona ni wajibu kusema lugha ya taifa. Uzalendo wao nao ulichangia kuoza kwa kabichi.

Mimi nilikuwa nyumbani kwa likizo tu, maana wakati huo nilikuwa namalizia chuo kikuu Dar es Salaam. Idara yetu ilitaka kumchukua mwanafunzi mmoja awe mwalimu msaidizi, kisha apelekwe ng'ambo akasomee Wachina na zana zao. Katika wote waliokuwa wakitajwa, tulibaki mimi na mwenzangu mmoja aliyevaa tai hata Jumamosi. Nilitaka nafasi ile kuliko nilivyowahi kutaka kitu. Baba alikuwa ameuza ng'ombe ili nisome, mama alikuwa amebeba kabichi ili nisome, na nyumbani hakukuwa na ng'ombe mwingine. Nikiikosa, ningerudi kufundisha popote nitakapotumwa, na ndoto ile ingefungwa kama duka.

Profesa mgeni kutoka nchi za Magharibi alikuwepo idarani mwaka ule, na ilijulikana kwamba neno lake ndilo litakaloamua. Aliposikia kwamba kijijini kwetu kuna waya wa Wachina, macho yake yalipanuka. "Simu za jeshi?" aliuliza. "Katika milima inayoangalia barabara kuu?" Alisema andiko langu la kumaliza masomo liwe juu ya waya huo, na yeye mwenyewe atapanda nami kuuona.

Alipanda. Mungu ambariki, alikuwa mtu mwema na mvumilivu, na alikula kande za mama yangu bila kuuliza zina nini. Baridi ilimtesa, akalala na koti. Kila asubuhi, kabla ya saa moja, alikuwa ameshakaa kwenye benchi la shule ya Jumapili, magoti yakigusa kidevu, maana mabenchi yale yalitengenezwa kwa watoto.

Simu ikalia. Baba akainua. Kimya. Kikohozi. Kimya. Baba akarudisha.

Profesa aliandika kwa muda mrefu. Nje alinishika bega. "Unaelewa ulichokiona? Hawa ni wakulima. Hakuna mkulima duniani atakayepewa simu asiongee. Hawa wamefundishwa. Wanahakikisha waya uko salama, kisha wananyamaza. Hii ni nidhamu ya hali ya juu."

"Profesa," nilisema, "hawa wanangojeana shikamoo."

Nikamweleza yote: nzige, bibi mzalishaji, kabichi za sokoni. Alinisikiliza kwa upole, kisha akasema hayo ni mambo ya utamaduni, na utamaduni una idara yake, ipo upande wa pili wa ukumbi.

Alitaka kuwahoji wazee mwenyewe, nami nikiwa mkalimani. Alianza na baba.

"Muulize kwa nini haongei."

Nikauliza. Baba alijibu, "Nangoja yeye aanze."

"Aanze nini?"

"Aanze," alisema baba, akikaza sauti, kwa sababu jambo lenyewe lilikuwa wazi.

Tuliteremka Soni. Mzee wa duka alitukaribisha kwa chai ya tangawizi na kashata. Nilimwamkia, akaitika, akauliza hali ya baba yangu kwa mapenzi ya kweli, kama kifua kimepona, kama mbuzi amezaa. Profesa akauliza kwa nini haongei kwenye simu.

"Nangoja wa juu."

"Wa juu ni nani?"

Mzee alinyoosha kidole kuelekea mlimani, na kidole kile kilielekea pia mbinguni.

Profesa aliandika kwamba pande zote mbili zinangoja amri kutoka kwa mtu wa tatu, na mtu huyo wa tatu ni Mchina. Nimefikiri sana juu ya sentensi hiyo tangu wakati ule, na kila mwaka naona ilikuwa karibu zaidi na kweli. Walikuwa wakimngoja Mchina. Walimngoja yule kijana mwembamba aje awaamkie wote wawili.

Tulirudi chuoni. Niliandika andiko langu kama nilivyoona, nikaweka nzige mahali pake na shikamoo mahali pake. Profesa alilisoma, akaniita. Alisema lugha ni nzuri. Alisema simulizi linachekesha. Aliomba tu niondoe kurasa za shikamoo, niweke badala yake sura fupi juu ya nidhamu ya ukimya katika mawasiliano ya vijijini. "Ukifanya hivyo," alisema, "sioni kwa nini usiende ng'ambo."

Nilirudi chumbani nikapiga magoti. Nililelewa na katekisimu; najua amri ya nane inasemaje juu ya kumshuhudia jirani uongo. Ningependa kuwaambia wasomaji kwamba ni amri hiyo peke yake iliyonizuia. Lakini kulikuwa na jambo lingine lililosaidia dhamiri yangu kusimama wima: baba yangu alijua kusoma. Angesoma andiko la mwanawe na kukuta ameitwa askari wa Wachina, na tena, jambo baya zaidi, angekuta hakuna mahali palipoandikwa kwamba yeye ndiye mkubwa.

Kurasa sikuziondoa. Nilizikabidhi zote. Profesa alizipokea kwa sura ya mtu aliyepewa zawadi ya mbuzi ndani ya gorofa. Nikaenda nyumbani kungoja, mvua za masika zikiwa zimeanza. Jibu, tuliambiwa, lingepelekwa kwenye ofisi ya elimu Lushoto.

Kungoja mlimani wakati wa masika ni shule nyingine. Ukungu unashuka mpaka huoni kuku wako. Nilipalilia viazi, niliombea subira, nikapewa subira, nikaitumia yote kufikia Jumatano, nikaomba nyingine. Kila asubuhi simu ililia saa moja, pumzi zikapanda na kushuka, mikonga ikarudishwa. Baba hakuniuliza kitu juu ya jibu. Usiku nilimsikia akilitaja katika maombi kwa sauti ya chini, baada ya wagonjwa na kabla ya mvua.

Siku moja, jua likiwa limeshapanda nyuma ya mawingu, simu ililia. Hakuna aliyewahi kuisikia ikilia saa zile. Mimi na mama tulikuwa kwenye matuta ya viazi chini ya kanisa. Tulimwona baba akitoka nyumbani mbio, akiwa na kandambili mguu mmoja, akaingia shule ya Jumapili. Hakukaa. Akatoka, akasimama mlangoni, kisha akateremka kwetu kwa hatua za polepole, kama anavyoteremka madhabahuni baada ya baraka.

"Amesema," alisema.

Mama alisimamisha jembe. "Nani amesema?"

"Wa Soni."

"Amesema nini?"

Baba alivuta pumzi. "Shikamoo."

Mvua ilikuwa ikidondoka kwenye ukingo wa kofia yake. Uso wake ulikuwa wa kijana.

"Na baada ya shikamoo?" nikauliza.

"Baada ya shikamoo nikaurudisha mkonga."

"Ukaurudisha!"

"Nimengoja neno lile tangu nzige, mwanangu. Neno kama lile huliongezei mazungumzo."

Mama aliliacha jembe lianguke. "Wewe mghoshi," alisema, na mwanamke wa kwetu akimwita mumewe mghoshi, yaani mwanamume, kwa sauti ile, mume hujua kwamba mzaha umekwisha, "mtu apige simu mchana, na mvua hii, kukuamkia tu? Mtoto wako anangoja jibu la chuo! Mzee wa watu kajishusha kwa ajili ya mtoto wako, wewe unamkatia simu!"

Baba alifikiri. Nilimwona akifika mahali ambapo mama alikuwa amemtangulia. Alivua kofia, akaivaa tena. Hakwenda kupiga simu. Heshima ile aliyoipata ilikuwa mpya mno kuiweka hatarini kwa kuzungusha mpini.

"Teremka," aliniambia. "Kasikilize. Na ukifika, mpe marahaba yangu. Sikupata nafasi ya kuitoa."

Niliteremka nikiteleza, nikishika miwati, nikifuata ule waya mweusi uliokuwa ukidondosha maji. Nilijua njia ile kwa miguu ya mama yangu. Wakati wote nilijiambia kwamba kama jibu ni baya, mzee asingepiga simu. Habari mbaya kwetu hupelekwa kwa miguu, tena na mtu mzima. Kisha nilijiambia kwamba huenda jibu ni baya sana.

Mzee wa Soni alikuwa amesimama dukani, mkonga bado mkononi.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Baba yako ni mzima? Nimesema na waya, waya umenyamaza. Nikadhani ameanguka."

"Ni mzima, mzee. Ameanguka kidogo, lakini ameinuka."

Aliurudisha mkonga mahali pake. Kisha aliniambia. Dereva wa ofisi ya elimu alipita kutoka Lushoto kwenda Mombo, akasimama dukani kununua sigara, akaacha habari: nimechaguliwa, niteremke Dar es Salaam kabla ya wiki kwisha. Dereva alikuwa na haraka, mvua ilikuwa imevimbisha vijito, hakukuwa na mtu wa kumtuma. Mzee alikuwa amezunguka duka lake, alisema, akiitazama ile simu. Akapanga sabuni. Akapangua sabuni. Kisha akasema moyoni kwamba habari ya mtoto si mzigo wa kukaa nao mpaka kesho saa moja.

Alinipa kiti, akanipa chai. Nilipokwisha kunywa, aliuliza, akiangalia pembeni, "Na baba yako amesemaje?"

Ningeweza kunyamaza. Lakini ndiyo kwanza nilikuwa nimechaguliwa kuwa msomi wa mahusiano baina ya mataifa. "Amesema marahaba."

Mzee alipangusa kaunta ambayo haikuwa na vumbi. "Mwambie nilimwamkia mtumishi wa Mungu," alisema. "Yule mtu mwenyewe ni mdogo wangu."

Nilipanda mlima na ujumbe huo. Nilimpa baba kwanza habari ya chuo, akapiga magoti palepale kwenye udongo, nasi tukapiga magoti naye. Alipoinuka aliuliza kama nimefikisha. Nikamwambia nimefikisha, nikamweleza jibu lote, neno kwa neno.

"Mtumishi wa Mungu," alisema baba. Alikaa nalo mpaka tukala. "Basi shikamoo ile si yangu. Nimekaa na mali ya Mungu tangu mchana."

Akaenda shule ya Jumapili, akazungusha mpini kwa mara ya kwanza maishani mwake. Nilimfuata mpaka mlangoni. "Shikamoo yako imefika," alisema kwa sauti kubwa, kama anayemwita mtu ng'ambo ya bonde. "Nimeipeleka kwa mwenyewe. Sasa sema, mbuzi yule uliyemnunua kule Gare amepona?"

Hapo ndipo mambo yalipoharibika. Walikuwa na maisha mazima ya kusimuliana. Walianza na mbuzi, wakaenda kwa wajukuu, mashamba, magoti, marehemu mmoja mmoja. Asubuhi walisalimiana mpaka adhuhuri. Kweli, lori lilipokuja, mama alijua, akateremka na kabichi akarudi bila mzigo. Ilitokea mara moja. Kabla ya wiki kwisha betri zilikuwa zimekufa, za juu na za chini, na hakuna duka Tanga wala Dar es Salaam lililokuwa na betri za aina ile. Mashine iliyoustahimili ukimya wote ule ilikufa kwa maongezi.

Miaka mingi baadaye niliambiwa nilivyopita. Profesa mgeni alikuwa amempendekeza mwenzangu wa tai. Lakini katika baraza alikuwepo mzee mmoja wa pwani, ambaye kwa kawaida alisinzia. Alisoma kurasa za nzige akacheka mpaka akatoa miwani, akasema, "Huyu angalau ameenda kuona mwenyewe." Namwombea mpaka leo. Profesa naye alichapisha mahali fulani habari ya nidhamu ya ukimya katika milima ya Usambara, na ukimya ule nimeuona ukinukuliwa, wakati mwingine na wanafunzi wangu mwenyewe, nami nimewapa alama za kunukuu vizuri.

Asubuhi ya kuondoka, basi lilisimama Soni. Mzee wa duka alikuja dirishani na kashata zilizofungwa kwenye gazeti.

"Sasa unakwenda kwa Wachina," alisema.

"Hapana, mzee. Wananipeleka kusomea Ulaya."

"Kusomea nini?"

"Wachina."

"Wachina wamehamia Ulaya?"

"Hapana, mzee."

"Mungu akutangulie," alisema, bila kuendelea na shauri hilo. "Ukiwaona popote walipo, tuletee betri. Baba yako hajamaliza kunieleza habari za goti."

Nilifika kwa Wachina baada ya miaka mingi, nikiwa na nywele nyeupe, katika ujumbe uliokuwa na ratiba ya kila dakika. Tulionyeshwa mitambo inayosikiliza nchi nzima. Walipouliza kama kuna swali, niliomba betri za simu ya kuzungusha, nikawachorea umbo lake. Wenyeji walishauriana kwa heshima kubwa. Wakanijibu, kupitia mkalimani, kwamba aina ile wameshaacha kuitengeneza.